Pawabenki ya Kabatini

Mama mkwe wangu hajawahi kunipenda, na mimi sikujisumbua kumbembeleza. Shikamoo, marahaba, basi. Lakini likizo ile ya shule nilikuwa nimekwama. Ofisi hapa Kibaha ilininyima ruhusa, mume wangu yuko kikazi mkoani, ikabidi nimpeleke mwanangu akakae kwa bibi yake, kijijini Mzenga. Na mwanangu ana pumu.

Kule nyumbani kwake hakuna umeme, na simu yake betri imechoka, haimalizi siku. Nikanunua pawabenki ya kuchajia simu, nikaijaza, nikamkabidhi kwa masharti. Usiiache juani. Usingoje iishe kabisa, ikibaki taa moja ipeleke dukani kwenye sola. Usiifunike na nguo wakati inachaji. Usimwazime mtu. Nilimfanya ayarudie yote mbele ya majirani zake, maana chupa ya chai niliyompelekea mwaka jana aliivunja, na nilimwambia wazi kwamba vitu vya watu hajui kuvitunza.

Mvua zikaanza. Haukupita muda, simu yake ikawa haipatikani. Nilipiga asubuhi, nikapiga mchana, nikapiga mpaka wenzangu ofisini wakaniambia nitulie. Nitulie vipi? Siku iliyofuata niliondoka bila kuaga, nikachukua bodaboda kwenye tope lile, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumpa.

Nikawakuta barazani. Mwanangu anakula muhogo, mzima. Sikuamkia.

"Pawabenki iko wapi?"

Akaingia ndani, akafungua kabati la vyombo vya wageni, akaitoa nyuma ya vikombe. Alikuwa ameifunga kwenye leso, na ilikuwa bado ndani ya boksi lake. Nikaitoa, nikabonyeza. Taa zote nne zikawaka.

Hapo nilimpandishia sauti. Nilimwambia ni mkaidi, nilimwambia amefanya makusudi, nilimwambia mtoto angeweza kumfia mikononi huku chaji imejaa kabatini.

"Juzi alibanwa kifua," akasema. "Nikambeba mgongoni mpaka zahanati. Wakampa dawa, akapoa."

"Kwenye mvua?"

"Kwenye mvua."

"Na kunipigia ukashindwa?"

"Simu ilikuwa imezima."

"Sasa hii niliileta ya nini, mama? Kwa nini hukuchaji?"

Alikaa kwenye mkeka, akawa anaikunja ile leso taratibu. Hakupandisha sauti.

"Taa moja ingepungua, ungekuja kuniuliza imekwenda wapi. Kutembea na mtoto kwenye mvua naweza. Mdomo wako siuwezi."

Nikamwambia mwanangu akachukue begi lake, tunaondoka sasa hivi. Aliweka muhogo chini, akasimama. Hakwenda ndani. Alimgeukia bibi yake, akangoja yeye ndiye aseme.