Kuonja Maji ya Chujio

Mvua zilipoanza, homa ya matumbo ilinilaza hospitali Kasulu, nikiwa na mimba changa. Daktari akaniambia waziwazi: ukiipata tena, huenda mtoto asipone. Tangu hapo nikawa mwoga wa maji. Kwetu Kagerankanda tunachota kijitoni, na mvua ikinyesha maji yanakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kuni nazo zilikuwa mbichi. Kuchemsha ndoo moja ilikuwa vita.

Mimba ilipofika mwezi wa tano, mume wangu akaleta chujio kutoka mjini: chungu cha udongo kinachokaa ndani ya ndoo yenye bomba. Udongo wake umetiwa chembe za fedha, madini yale ya pete, ndogo kiasi kwamba hadubini ya shuleni kwetu haiwezi kuzionyesha. Hizo ndizo zinazoua vijidudu. Mimi ni mwalimu wa sayansi, nikamweleza mama mkwe vizuri kabisa.

Akaniuliza, "Na zikikuingia tumboni, zitajuaje kwamba huyo si kijidudu?"

Swali hilo lilininyima raha. Muuzaji alisema fedha hubaki kwenye udongo, lakini ni muuzaji gani atakayeiponda bidhaa yake?

Jumapili, baada ya ibada, majirani wakaja kukiona chungu. Huku Buha mgeni hanywi kitu kabla mwenyeji hajaonja, ajue hakuna sumu. Nikakinga kikombe. Kabla sijakifikisha mdomoni, mtoto akapiga teke. Niliogopa sana. Nikiacha, nimewatangazia wote kwamba ni sumu. Nikinywa, sijui namnywesha mwanangu nini.

Mama mkwe akaninyang'anya kikombe. Yeye, ambaye wiki nzima hakutaka hata kukaa karibu na ndoo ile! Akanywa yote.

"Mimi nimekula chumvi ya kutosha," alisema. "Huyo hajala hata uji. Tungoje kesho."

Kwa sayansi yangu nilijua siku moja haithibitishi kitu. Hata hivyo sikupata usingizi.

Asubuhi nikagonga mlango wake. Kimya. Nikausukuma, kitanda kitupu. Nilizunguka nyumba nikimwita huku nalia, nikamkuta kwenye maharage, anapalilia.

"Mwana wanje, mwanangu, unalia nini?" akasema bila kuacha jembe. "Nenda ukanywe maji."