Gari la Tata Lilipogoma Kuwaka

Baba yangu alipopata kiharusi, mkono na mguu wake wa kulia vililegea, na maneno yote yakamtoka isipokuwa moja: kesho. Ukimpelekea uji, anasema kesho. Ukimuuliza kama anasikia baridi, kesho. Daktari alitueleza kwamba akili yake iko palepale, anaelewa kila tunachosema, ila akitafuta neno mdomo unampa hilohilo. Mama alizoea mapema kuliko mimi. Alikuwa anamtazama usoni tu, hasikilizi sana.

Mimi nafanya kazi Sirari, mpakani, kwa wakala wa forodha, na kuja kwetu Kisaka si jambo la kila wiki. Hospitali alikopangiwa mazoezi ya viungo iko mbali, na mtu ambaye hawezi kujishikilia huwezi kumpandisha bodaboda. Mama alikuwa anaomba gari la jirani. Likiwa na safari nyingine, mazoezi yanapita. Na wakati huo wote gari la baba mwenyewe, la zamani lakini zima, lilikuwa limesimama kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, kuku wanalala juu ya boneti. Nikaomba likizo, nikanunua betri mpya, nikapanda nayo basi.

Nilimkuta barazani kwenye kiti chake. "Tata, shikamoo," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita baba kwetu. Akaniinulia mkono wa kushoto, akasema kesho, na macho yake yakacheka.

Nilifunga betri mwenyewe. Nikazungusha ufunguo. Selfu ikazunguka vizuri, kwa nguvu, ila injini haikushika. Nikajaribu tena na tena mpaka nikaogopa kuimaliza betri. Kule barazani baba akaanza kusema kesho, kesho, kwa sauti ya juu. Mama akamfunika shuka miguuni, lakini baba akaendelea.

Nikampigia simu fundi mmoja wa Natta, niliyesoma naye shule ya msingi, ambaye siku hizi anatengeneza magari ya kambi za watalii. Alifika kesho yake asubuhi na pikipiki, akawaamkia baba na mama, akanywa chai, ndipo akavua shati.

Alianza na mafuta. Yaliyokuwemo yalikuwa yamekaa sana, yananuka kama rangi ya mlango, tukayamwaga tukaweka mapya. Halikuwaka. Akatoa plagi, akazisafisha, akaangalia kama zinapiga cheche. Zinapiga. Akaniambia niwashe swichi bila kuzungusha selfu, na yeye akaenda nyuma kutega sikio karibu na tanki.

"Pampu ya mafuta hailii," akasema. "Ikiwa nzima, ukiwasha swichi inavuma kidogo. Hii kimya."

"Basi imekufa?"

"Ngoja tuiulize."

Akavuta nyaya mbili kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye pampu, na pampu ikavuma. Akakaa chini kwenye vumbi akiitazama, kwa sababu sasa mambo yalikuwa magumu zaidi. Fyuzi alizikagua moja moja, zote nzima. Pampu nzima, betri mpya, na umeme haufiki.

"Dada, kuna kitu kinaukata njiani," akasema. "Kinaukata kwa makusudi."

Wakati huo mimi nilikuwa nimekaa kwenye usukani, na pembeni ya dashibodi nikaona kataa kadogo kekundu kanawaka na kuzimika. Kalikuwa kanafanya hivyo tangu jana yake, nilipofunga betri, nami nilidhani ni mambo ya betri mpya. Nikamwonyesha. Akacheka kwa uchovu.

"Gari hili lina alamu ya wezi. Linadhani sisi ndio wezi."

Mama alikuwa anachambua mboga mlangoni. "Hiyo alamu ilishakatwa," akasema, na akatusimulia kisa ambacho mimi sikuwahi kukisikia. Baba aliifunga alipokuwa anasafiri mara kwa mara kwenda kwa ndugu zetu upande wa pili wa mpaka, Isebania, na kuliacha gari barabarani. Siku moja hapa nyumbani paka aliruka juu ya boneti, king'ora kikalia. Majirani waliposikia mlio walidhani ni yowe la wizi wa ng'ombe. Wanaume walikuja mbio kutoka kila upande, marungu na pinde mikononi, wengine bila viatu, wakauzunguka mji wetu, nyumba na zizi. Walimkuta baba anahangaika kuzima gari. Kesho yake akaenda kukata waya wa king'ora.

"Alikata mdomo tu," fundi akasema. "Mengine yote yamebaki. Rimoti yake iko wapi?"

Rimoti ilikuwa kwenye koti alilovaa siku aliyopelekwa hospitali. Ndani betri yake ndogo ilikuwa imevuja na kuila yote, kijani kitupu. Fundi akasema alamu za namna hiyo huwa na kitufe cha dharura: unawasha swichi, unakibonyeza, gari linakuachia. Ila kila aliyefunga hukificha anapojua yeye, ndiyo maana yake. Akalala chali chini ya dashibodi na tochi ya simu. Nyaya zilikuwa nyingi, zimefungwa pamoja kwa utepe mweusi. Alizifuata kwa muda mrefu. Akainua mazulia, akatafuta chini ya viti, akafungua hata mahali pa kuwekea nyaraka.

Barazani, baba alikuwa hatulii tena. Kesho. Kesho. Mama akaenda, akasimama mbele yake na mikono yenye maji ya mboga, akamtazama kama alivyozoea. Halafu akatugeukia.

"Huyu hasemi kesho," akatuambia. "Mleteni."

Tukambeba na kiti chake mpaka kwenye kibanda. Nikafungua mlango wa abiria, akatikisa kichwa. Tukamzungusha upande wa dereva, tukamwingiza polepole, fundi ameshika kiuno, mimi nimeshika mguu usio na nguvu. Alipokaa sawa alivuta pumzi ndefu, akaweka kiganja cha kushoto juu ya usukani. Alikuwa hajakaa hapo tangu alipougua.

Kisha akautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umelala pajani. Akautazama kwa muda, kama mtu anayesubiri mwenzake ainuke. Bega likasogea kidogo, vidole havikusogea. Akajaribu kupitisha wa kushoto mbele ya tumbo, haukufika. Nikaona jasho linamtoka.

Nikapiga magoti nje ya mlango. "Tata, nipe huo," nikasema. Nikaushika mkono wa kulia, ulikuwa na joto na mzito, nikauinua taratibu nikimwangalia usoni. Nikiupeleka juu, anakunja uso. Nikiupeleka chini, uso unalegea. Nikaupeleka pembeni, karibu na bawaba za mlango, nyuma ya plastiki, akafumba macho. Nikaingiza kidole changu palepale kilipogusa chake. Kulikuwa na kitu kidogo cha mviringo, kama kifungo cha shati.

Nikanyoosha mkono mwingine, nikawasha swichi, nikabonyeza. Kataa kekundu kakazimika. Nyuma kwenye tanki pampu ikavuma. Nilipozungusha ufunguo injini ikashika mara moja, ikatoa moshi mweusi, kuku wakatawanyika. Baba alikuwa analia, bila sauti, na mama akampangusa uso kwa kanga yake akimwambia maneno ya kwetu ambayo nisingependa kuyatafsiri.

Fundi alitaka kuing'oa alamu yote siku hiyohiyo, kwa sababu ikiharibika tena inaweza kutuzimia njiani na mgonjwa. Nikamuuliza baba kama anakubali. Safari hii nilimtazama usoni kwanza, nikaona anakubali. Fundi alitumia mchana mzima kuunganisha nyaya zilizokatwa alamu ilipofungwa, na jioni tukala naye ugali.

Kesho yake nilimpeleka hospitali. Niliendesha kila siku ya mazoezi mpaka likizo ikakaribia kwisha, na hapo likaja swali ambalo hakuna aliyekuwa amelisema: nikirudi Sirari, ataendesha nani? Nilikuwa nafikiria binamu. Mama akaniambia ataendesha yeye.

Nilimfundisha kwenye uwanja wa shule, saa ambazo watoto wameshaondoka. Alikuwa anakandamiza breki kana kwamba anaua nyoka, na aliligonga goli mara moja. Niliporudi kazini alienda mjini kujiandikisha chuo cha udereva, mwanamke mwenye wajukuu katikati ya vijana wa bodaboda. Akapata leseni. Sasa anampeleka mwenyewe, polepole sana, malori yanampita. Baba ameanza kutembea kwa fimbo, na majuzi kwenye simu, wakiwa garini wanataka kuondoka, nilimsikia akimwambia mama, kwa shida lakini wazi, "Gia."