Kipimo cha Jukwaa la Bibi

Enzi zetu kule Kibosho mtoto alikuwa na kazi nyingi: kuchota maji, kukata majani ya ng'ombe, kumshika kuku miguu akichinjwa. Mimi niliwahi kuwa kipimo cha ujenzi, na hadi leo najivunia cheo hicho.

Mwaka huo Bibi, mama yake Baba, alianza kusumbuliwa na miguu. Mvua ilikuwa imegeuza uwanja wetu tope la kunata, na Krismasi ilikuwa inakaribia. Wachagga wenzangu mnajua maana yake: ukoo mzima unarudi nyumbani, na uwanjani ndiko kunakochinjwa, kunakonywewa mbege, pombe yetu ya ndizi, na kunakoimbwa. Bibi akasema mwaka huo Krismasi ataisikilizia dirishani. Maneno hayo yalimuuma sana Baba. Akaamua kumjengea jukwaa la mbao, la chini kabisa, pembeni mwa migomba.

Alimsimamisha Bibi mlangoni, akaweka tofali mbele yake. Bibi akapanda. Akaongeza la pili, Bibi akapanda huku ameshika bega la Baba. La tatu likamshinda. Basi jukwaa lisizidi matofali mawili. Boriti za inchi mbili kwa sita, ambazo Baba alizitamani kwa uimara wake, zikakataliwa palepale, maana zikilazwa kwa ubavu na kupigiliwa mbao juu zingepita kimo hicho. Akanunua za mbili kwa nne, akazipaka oili chafu kuzuia mchwa, uwanja mzima ukanuka gereji.

Kwa kubana matumizi, akazipanga kwa kuziachia mapengo makubwa. Tulipopanda kujaribu, sakafu ilinesa. Lo, raha iliyoje! Tuliruka, tukaangukiana, tukacheka mpaka Mama akatoka na mwiko wa mtori mkononi. Watoto wa siku hizi wanalipiwa kiingilio wakaruke kwenye maputo ya kujazwa upepo. Sisi Baba alitujengea bure, bila kukusudia.

Bibi akausukuma ubao kwa fimbo, ubao ukashuka.

"Aloyce mwanangu, hapo sikanyagi. Unataka nirushwe kama maharage kwenye ungo?"

Akarudi ndani. Baba akabomoa. Akachukua na boriti alizoweka kwa ajili ya banda la mbuzi, kisha akaniita mimi, kitinda mimba wake.

"Prisca, njoo ukae hapa katikati."

Nikakaa chini, kati ya boriti mbili. Nikiweza kupanua viwiko, anazisogeza. Nikibanwa, anapiga msumari. Nilihamishwa pengo hadi pengo mpaka gauni likawa jeusi kwa oili. Chini ya kila boriti, katikati, akazika jiwe bapa la mtoni ili isipinde.

Siku ya Krismasi, baada ya misa, Bibi alitoka na kitenge kipya. Akapanda, akapiga kisigino chini, akapiga tena. Sakafu ikatulia tuli. Akaketi katikati yake.

"Haya, rukeni sasa!"

Tukaruka watoto wote, mashangazi wakaruka, mbege ikamwagika na hakuna aliyegombezwa. Sijawahi kumwona Baba akifurahi vile.

Sasa Baba anakaa kwangu, Moshi mjini, na magoti yake nayo yamechoka. Mwaka huu nikaamua kumjengea jukwaa bustanini. Mwanangu akaja na simu mkononi.

"Mama, tulia. Simu imeshapiga hesabu zote, saizi ya boriti na nafasi yake."

Na kweli ilikuwa imezipiga vizuri, bila kumchafua mtoto gauni. Lakini haikuuliza babu yake anainua mguu kiasi gani. Nikaweka tofali. Baba akacheka, alishajua ninachofanya, akapanda. La pili likamshinda, huku ameshika bega langu.

"Chimba," nikamwambia kijana. Akaweka simu, akachukua jembe. Tukashusha mawe na boriti shimoni ili jukwaa lisizidi tofali moja, tukamwaga kokoto ili maji yasituame.

Jana tulimaliza. Baba akaketi katikati, akatutazama.

"Haya, rukeni sasa!"

Zamani hapo ungeruka ukoo mzima. Jana tuliruka wawili tu, mimi na mwanangu, kwa nguvu zetu zote, na sakafu haikutikisika. Baba alipiga makofi, kisha akageuka akatazama getini, kana kwamba wengine wako njiani.

Nikaichukua simu ya mwanangu, nikaanza kuwapigia ndugu zangu mmoja mmoja.