Shemeji na Gari la Mkate

Ilikuwa mwaka ule wa mvua nyingi. Hapana, ni uliofuata, maana shingo ya shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, ilikuwa imeshakakamaa haigeuki. Alikuwa dereva wa gari la mkate. Tajiri wake akamwambia, "Mama, ukigusa ukuta ukirudi nyuma, ufunguo nampa mwingine."

Shemeji akafungisha vihisi kwenye bampa la nyuma. Ukikaribia kitu vinalia, ukizidi kukaribia vinaharakisha, vikilia mfululizo unasimama.

Siku ya jaribio vikalia mfululizo, na nyuma hamna kitu.

"Vinakulilia msiba," tajiri akacheka.

"Usinizike bado, bosi." Akashuka, akakuta vihisi vimegandiwa na unga uliokandwa, kwa vile wapakiaji walizoea kufutia mikono pale. Akapangusa, akarudi nyuma akisikiliza tu, akasimama ukuta ukiwa hatua moja nyuma yake. Ufunguo ukabaki kwake.

Mimi nikauchungulia ukuta ule, nikaona michubuko ya rangi ya gari analoendesha tajiri mwenyewe. Nikamwuliza tajiri: ufunguo wako wewe, baba, alipewa nani?