Kengele Niliyoipiga Jumamosi Kuu

Kutoka Butere nilipanda treni nikiwa na sanduku la bati na barua ya paroko wetu wa nyumbani, ya kuniombea kazi katika kanisa moja karibu na Nairobi. Kisumu tulingoja nusu siku. Nilipofika Nairobi asubuhi ya pili miguu ilikuwa imevimba, lakini nilitembea tu. Nilikatiza katikati ya jiji makarani wakiwahi ofisini, nikashika barabara ya Naivasha mpaka kanisani, kabla ya Kinoo. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na mtaa wa Mountain View haukuwapo. Sikuwa nimetimiza miaka ishirini na mitano, na nilikuwa nimeshaacha kazi tatu.

Siku hiyohiyo paroko wa hapo, mzungu mrefu wa Kiswahili cha kitabuni, aliniingiza sakristia, chumba anamovalia padre mavazi ya misa. Akanifundisha kukunja kazula, vazi la juu la padre, bila kuvunja nyuzi zake, kupima divai na kupiga kengele. Kuhusu kengele alikuwa mkali.

"Baada ya wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu, inanyamaza. Unagonga kibao cha mbao. Hata Askofu akija, kibao. Mpaka Utukufu wa Pasaka."

Nikasema nimeelewa.

Miaka miwili baadaye paroko alirudi kwao, tukaambiwa tunaletewa padre Mwafrika, wa kwanza hapo kwetu, na atafika wikendi ya Pasaka. Akina mama walipaka chokaa mawe ya njiani. Jumamosi Kuu mchana gari likatokea kwenye kona, vigelegele vikapanda, nami kwa furaha nikaikimbilia kamba. Nilipiga kengele kama tulivyozoea kumpokea mgeni mkubwa. Nilishtuka vigelegele vilipokatika.

Wazee wetu walikuwa wamefunga tangu Ijumaa Kuu, na kengele ya Pasaka ndiyo ishara yao ya kufungua. Kinoo nzima ilikuwa imeisikia.

Mwenyekiti wa parokia, aliyekuwa jikoni akikagua chakula cha mgeni, alinijia ametoa macho. "Kijana, Bwana bado yuko kaburini na wewe unapiga kengele? Umetuaibisha. Leo hii urudi kwenu."

"Mwenyekiti," akasema Mama Njeri, kiongozi wa akina mama, kwa upole kabisa, "pangusa ndevu kwanza. Kuna makombo ya mandazi."

Watu walicheka. Mimi sikuweza. Kwetu hapakuwa na mtu wa kunipokea, na hapa ndipo mahali pa kwanza maishani nilipotaka kubaki.

Padre alishuka garini, kijana wa rika langu, viatu vimejaa vumbi. Akauliza nani amepiga. Nikainua mkono.

"Nimepelekwa parokia mbili," akasema, "na hakuna aliyenipigia kengele. Mwenyekiti, huyu atabaki na mimi." Kisha akanigeukia. "Lakini chukua baiskeli uende Kinoo. Nyumba kwa nyumba. Waambie Pasaka bado."

Nyumba ya kwanza nilimkuta bibi mmoja ameshika kikombe cha chai. "Mwanangu, hii nimeshaonja. Nimalize ama nimwage?" Hilo paroko hakuwa amenifundisha. Nikamwambia amalize. Kufikia jioni niliijua kila nyumba ya Kinoo, na tangu siku hiyo wakaniita Pasaka Bado.

Nilimtumikia padre yule miaka tisa. Tangu hapo nimetunza sakristia Nakuru, Voi na Mombasa. Kazula hukunjwa vilevile kila mahali, lakini hakuna tena mtu wa kuniita jina lile kutoka ng'ambo ya barabara.

Hakuna aliyenifukuza. Ni miguu tu iliyoanza kuniwasha. Asubuhi ya kuondoka, padre alinisindikiza mpaka kituo cha basi, akaniuliza mara moja tu kama amenikosea. Nikamwambia hapana, naenda kutembea, nitarudi kabla ya Krismasi.

Hakuniuliza Krismasi ipi.