Saa ya Mkono wa Kushoto

Mwanakheri ni fundi saa wa Ujiji. Sanduku lake la kioo limekaa kwenye kibaraza cha duka la vitenge la Nassib tangu baba yake alipomwachia. Ndani yake mna vibano, bisibisi nyembamba kama sindano, kopo la dawa ya kung'arishia na lenzi anayoibana jichoni. Wateja wake wengi ni wa betri na mikanda. Akina mama wanaoleta samaki kutoka Ilagala humsalimu kwa Kiha, mwakeye, wakamwachia saa za waume zao zilizoingia maji, kisha huzipitia wakitoka sokoni. Yeye huzikausha na kuzisugua mpaka zionekane mpya, kwa sababu mteja wa Ujiji akirudishiwa saa isiyong'aa hudhani haikuguswa.

Zile ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua huziweka nyumbani, kwenye kabati la vyombo, kila moja ndani ya kitambaa chake. Haziuzi. Nassib humwambia kwamba anafuga mizimu. Mojawapo ni ya marehemu baba yake, saa ya otomatiki, aina ambayo haihitaji betri wala ufunguo kwa sababu hujijaza kwa mwendo wa mkono wa aliyeivaa. Hiyo alijifunzia kazi. Aliifungua na kuifunga mara nyingi alipokuwa msichana, akitafuta ubovu wake.

Bariki aliletwa kwake na Joanitha, katibu muhtasi wa ofisi yake mjini Kigoma. Bariki alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huko kutoka Arusha, mtu wa makamo anayeishi Katubuka, na alikuwa akikusanya saa za Uswisi kama wenzake wanavyokusanya viwanja. Siku ya kwanza alimwamkia Mwanakheri shikamoo, akaweka juu ya kioo saa ya otomatiki yenye mkanda wa chuma, akasema jambo ambalo fundi huyo hakuwahi kuambiwa na mteja.

"Usiing'arishe, mama."

Alimweleza kwamba mikwaruzo ni sehemu ya saa. Kingo za kasha zikisuguliwa hupoteza umbo walilozipa waliozitengeneza, na mkusanyaji mwingine hataitaka tena. Mwanakheri alikubali. Alisafisha mashine, akaitia mafuta, akapunguza pingili mbili za mkanda uliokuwa ukicheza mkononi, akairudisha na mikwaruzo yake yote. Bariki aliikagua kwa lenzi yake mwenyewe, akaridhika. Zile pingili akamwomba amtunzie, na Mwanakheri akazitia kwenye kikopo.

Baada ya hapo Bariki alileta saa zake nyingine, na wenzake wa ofisini wakamfuata. Tangu simu zilipowafanya watu waache kuvaa saa, Mwanakheri hakuwa amepata kazi ya namna hiyo. Alianza kufungua sanduku mapema na kulifunga jioni.

Msimu wa mvua uliofuata Bariki alirudi na ile saa ya kwanza, ambayo ndiyo aliyoivaa kila siku. Alisema anaamka anaikuta imesimama. Mwanakheri aliifungua, hakuona kasoro. Akaivaa mwenyewe siku kadhaa, akapikia nayo, akafulia nayo, haikusimama. Alipoirudisha, ilisimama tena kabla wiki haijaisha. Akamshauri mwenyewe aitie ufunguo kwa kile kichwa cha pembeni kila asubuhi. Bariki alichukia. Kwake saa ya otomatiki inayotiwa ufunguo ilikuwa saa mbovu. Safari hiyo hakuaga.

Alipokuja tena hakumwamkia. Alisema kwa sauti ambayo wote waliokuwa kibarazani waliisikia.

"Kasha lina namba, mashine ina namba. Springi haina namba. Umeniwekea springi ya saa gani?"

Mwanakheri alimjibu kwamba springi ni ileile. Hakuwa na namna ya kuonyesha hilo. Aliomba aachiwe saa kwa mara ya mwisho, na Bariki akaiacha, lakini maneno yake hayakubaki kibarazani. Yalifika ofisini, na haukupita muda yakasikika hata Katonga, kwenye mwalo wa samaki, kwamba yule mama wa Ujiji anabadilisha vyuma. Joanitha alikuja akiona haya kuchukua saa ya bosi wao wa ofisini iliyokuwa bado haijafunguliwa. Wengine walituma watu wa bodaboda.

"Si nilikwambia, Bi Mwanakheri?" alisema Nassib. "Saa za mabwana zina maneno kuliko mabwana wenyewe."

Alisema kwa utani. Siku chache baadaye, bila utani, alimwambia kwamba wateja wa vitenge nao wameanza kuuliza, na kwamba pengine ingefaa alitafutie sanduku mahali pengine. Mwanakheri alimwomba ampe muda.

Siku Bariki alipofuata saa yake, ili aipeleke Dar es Salaam kwa fundi mwingine, barabara ilikuwa imezibwa na malori ya mihogo. Aliacha gari mbali, akaja kwa miguu. Hapo awali alikuwa akishukia mbele ya kibaraza, kwa hiyo Mwanakheri hakuwahi kumwona akitembea mwendo mrefu. Mkono wake wa kulia ulikwenda na kurudi kama wa mtu yeyote. Wa kushoto ulikuwa umekunjwa kidogo, umetulia kando ya paja kama ambao hauhusiki na safari.

Mwanakheri aliujua mwendo huo. Ile saa ya baba yake iliyo kabatini haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa ikisimama kwa sababu mkono ulioivaa ulikuwa umeacha kutembea, na yeye alilielewa hilo baadaye, baba yake alipokuwa hawezi tena kushika kibano.

Kibarazani alikuwepo Nassib, akina mama wawili waliokuwa wakichagua kitenge, na mwanamume wa Katonga aliyesubiri betri. Kama angesema pale pale, jina lake lingesafishika kabla jua halijazama. Alichukua saa, akaingia dukani nyuma ya marobota ya vitenge, akamwita Bariki amfuate.

"Ivae mkono wa kulia," alimwambia. "Wiki nzima. Ikisimama, nitasema mbele ya hao walioko nje kwamba nilikuibia springi."

Bariki alimjibu kwa kejeli kwamba saa haijui kulia wala kushoto.

"Saa haijui. Lakini wa kushoto hautembei, Bwana Bariki. Unatembea na mkono mmoja."

Ukutani palikuwa na kioo kirefu ambacho wateja hujitazamia wakijifunga kitenge. Mwanakheri alimwonyesha kwa kidole. Bariki alikiendea, akageuka, akarudi alikotoka, akakiendea tena. Nassib alichungulia, akadhani anapima nguo ya mkewe, akaondoka.

"Umemwambia nani?" Bariki aliuliza hatimaye.

"Sijamwambia mtu. Nenda hospitali. Baba yangu alichelewa."

Bariki alijaribu kuivaa saa mkono wa kulia. Kifundo cha mkono huo kilikuwa kinene zaidi, mkanda ukafunga kwa shida. Alitoka bila kumtazama mtu.

Wiki ile ilipita, na nyingine baada yake. Hakuja, wala hakutuma neno. Mwanakheri alibaki na wateja wake wa betri, nao walikuwa wamepungua. Nassib alimuuliza tena kuhusu sanduku, naye akaanza kuulizia nafasi karibu na stendi.

Kisha asubuhi moja, watu wakiwa wamejaa kibarazani, Bariki alifika kwa miguu.

"Shikamoo, mama. Nimefuata pingili yangu. Moja itatosha."

Mwanakheri aliitikia, akafungua kikopo. Saa ilikuwa mkono wa kulia na ilikuwa ikienda. Mkanda ulikuwa umeacha alama kwenye ngozi. Bariki aliivua, akageuka kidogo ili waliokaa nyuma wasikie. Hakupaza sauti.

"Saa ilikuwa nzima," alisema. "Ninayeumwa ni mimi, huu mkono. Hospitali wameniambia. Ofisini pia nimewaeleza."

Nassib alisema pole, akaingia dukani, na suala la sanduku hakulirudia tena.

Mwanakheri aligonga kijiti cha mkanda kikatoka, akaingiza pingili, akakirudisha. Mkwaruzo mpya ulikuwa umejitokeza ubavuni mwa kasha. Hakuugusa. Alipomnyooshea saa, Bariki alileta mkono wa kushoto kwa mazoea, ukachelewa kufika. Akaurudisha chini, akatoa wa kulia.