Vijiti vya Mombo na Sufuria ya Bibi

Kabla binamu yangu hajaja, fundi wa nyumba yetu nilikuwa mimi. Ndoo ya plastiki ikipasuka, nayeyusha mpini wa mswaki juu ya ufa. Birika likivuja, naziba kwa sabuni ya mche. Chai ya siku hiyo inakuwa na povu, lakini hakuna aliyewahi kulazwa. Bibi, mama yake baba, ananiita mghoshi wangu, yaani mwanamume wake, na mbele ya wageni alikuwa anaongeza: "Na ndiye fundi wangu." Neno hilo lilinikaa vizuri kuliko sare ya shule.

Akaja binamu, binti wa mjomba, kutoka Mombo, bondeni kwenye joto. Aliletwa asome huku juu Lushoto, kidato kimoja na mimi. Mjomba ana banda la kuziba rejeta za magari kando ya barabara kuu. Kwa hiyo, badala ya kuleta maembe kama mgeni wa kawaida, binti alishuka na fungu la vijiti vya aluminiamu vilivyoviringishwa kwenye gazeti, brashi ya waya, na kijitungi cha gesi chenye mdomo wa kurusha moto.

"Hivyo vya kuchomea mishikaki?" nikamuuliza.

Alichukua keni ya maziwa ya baba, ile iliyokuwa ikidondosha njia nzima mpaka paka wa mtaa wanatusindikiza. Akaisugua kwa brashi, akaipasha moto, akagusisha kijiti penye ufa. Kijiti kikalainika, kikaingia ndani ya ufa kama kimeitwa. Ilipopoa, baba akaijaza maji. Mimi pembeni nikaomba kimoyomoyo ivuje, hata tone moja tu. Nje ikabaki kavu kama nguo ya Idi.

Basi nikawa bawabu. Hodi zote zilikuwa zake. "Yule binti fundi yupo?" Mtu kashika kikaango, mwingine mguu wa kiti cha bustani, mwingine kipande cha fremu ya dirisha. Na anayefungua mlango ni mimi, fundi mstaafu. Kila akifanya kazi nilikaa karibu, eti namsaidia kushika. Uongo. Nilikuwa natafuta kosa. Nikaona kwamba hapigi moto kwenye kijiti hata siku moja. Anapasha chombo chenyewe, mpaka joto la chombo ndilo linaloyeyusha kijiti. Nikaona pia kwamba kabla ya yote anachubua kwa brashi mpaka pale mahali panakuwa na mikwaruzo. Mwalimu wangu wa hesabu angeniona nilivyokodoa macho, angelia kwa wivu.

Kisha sufuria kubwa ya bibi ikatoboka, na kwa jirani kuna harusi. Huku kwetu mwenye sufuria ya pilau ndiye anayekaa jikoni kuonja chumvi, na neno lake ndilo la mwisho. Bibi ameonja chumvi ya harusi za mtaa huu tangu baba hajaota ndevu. Sufuria ikishindikana, itaazimwa ya mama wa nyumba ya juu, na chumvi itaonjwa na huyo. Bibi angependa kufunga mwezi mzima kuliko kuona hilo.

Wanawake wawili wa harusi walikuwa wameshafika kuichukua. Kwa kuwa sufuria ya shughuli haitoki nje ikiwa chafu, bibi alikuwa ameisugua kwa majivu mpaka unaweza kujitazama humo ukinyoa ndevu. Binamu akaigeuza juu ya jiko la mkaa, akachukua brashi yake.

"Weka hiyo!" bibi akamaka. "Utanichubulia sufuria. Huoni inavyong'aa?"

"Sawa, bibi."

Angesema nini? Bibi si bibi yake. Yeye ni mtoto wa upande wa mama, mgeni, kazi yake ni shikamoo na kunyamaza. Akawasha moto. Kijiti kikayeyuka, lakini hakikushika. Kilijikunja vitone vitone, vikabiringika na kuanguka chini. Akajaribu tena. Vikaanguka.

"Kumbe vya Mombo ni vya joto," mmoja wa wale wanawake akasema. "Baridi ya huku haviiwezi!"

Nilicheka kuliko wote. Mbavu ziliniuma. Binamu alikuwa anatoka jasho, ananitazama mimi, kwa sababu alijua kwamba najua.

"Basi tukaombe ile ya juu," mwanamke wa pili akasema.

Bibi alishika upawa wake, akautazama kama mtu aliyeambiwa aurudishe. Hapo nikaacha kucheka. Nilitaka binamu aaibike, sikutaka bibi anyang'anywe chumvi yake. Na katika nyumba ile, mtu pekee anayeweza kumwambia bibi amekosea bila kuchapwa ni mume wake wa utani.

"Mke wangu," nikasema, "umeipaka poda. Kijiti hakibusu uso wenye poda."

Wanawake wakaangua kicheko. Nikanyakua brashi nikachubua mng'aro wote kuzunguka tundu, bibi akinitukana Kishambaa mwanzo hadi mwisho. Binamu akapasha, akagusisha kijiti. Kikatandaa. Tundu likafa. Tukatia maji, tukasubiri, pakavu.

Bibi akamkumbatia nani? Binamu. "Fundi wangu!" Akanigeukia: "Na wewe, mghoshi, umenikwaruzia sufuria."

Harusini bibi aliketi jikoni akaonja chumvi, akaagiza iongezwe, ikaongezwa. Kila aliyeuliza nani kaziba sufuria alioneshwa binamu kwa upawa. Mimi nilikula sahani ya pili ya pilau nikitafuta ladha ya chuma ili niwaambie watu. Pilau lilikuwa tamu. Nikanuna, nikaenda kuongeza.